Mstari wa Chokaa

Kila wanaponialika kuzungumza na watumishi vijana, huniomba niwasimulie nidhamu ya zamani. Nakasirika kabla sijafika. Wanataka niseme kwamba enzi zetu raia alihudumiwa kwa wakati, na kwamba taifa lilijengwa kwa utumishi wa namna hiyo. Basi nitasema nilivyouona huo utumishi, maana nilikuwamo, tena nikiwa na funguo za kabati la dawa mfukoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa mganga, kwenye zahanati ndogo ya serikali katika milima ya kusini mwa Mbeya, huko kwenye migomba na ukungu wa Wanyakyusa. Mimi ni mtoto wa Mlandege, Iringa. Kinyakyusa sikukijua zaidi ya salamu, na sikuona haja ya kujifunza. Siku za Jumapili nilikwenda kwa kificho kwenye mikutano ya chama, maana mtumishi wa serikali alikatazwa siasa, na huko nilipiga kelele za uhuru mpaka sauti ikanikauka. Jumatatu asubuhi nilivaa kaptula yangu iliyopigwa pasi, nikawa serikali.

Mkubwa wangu, bwana mganga, alikuwa Mwafrika kama mimi. Alichora mstari wa chokaa kutoka mlangoni hadi getini, na kila wiki alinituma niupake upya. Wagonjwa walisimama juu yake mmoja nyuma ya mwingine. Anayetoka kwenye mstari, hata kwa haja, anarudi nyuma kabisa. Saa sita dirisha linafungwa. Na barazani ni Kiswahili tu, asisikike mtu akiongea kilugha.

Asubuhi moja alikuja mama kijana na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na kichomi. Sikuhitaji kumpima kujua hilo, nilimsikia akihema kutoka mlangoni. Alikuwa wa sita. Walipobaki wawili mbele yake niliinua kichwa nikaona nafasi yake iko wazi. Mama huyo alikuwa akikimbilia kwenye migomba, shuka amejifunika usoni. Alirudi baadaye sana, akaja moja kwa moja mlangoni. Nikamwonyesha nyuma ya mstari kwa kidole. Saa sita ikafika, nikafunga dirisha. Alisimama pale nje kitambo, kisha akaondoka.

Kesho yake ikawa vilevile. Alifika mapema, akasimama, halafu ghafla akachomoka mbio. Aliporudi nilimpigia kelele mbele ya watu.

"Wewe mama, unacheza na serikali? Mtoto anaumwa, wewe unatembea migombani?"

Alitazama chini. Watu kwenye mstari wakanong'ona kwa lugha yao, nami nikawanyamazisha, kwa kuwa ndiyo amri. Mungu anisamehe, nilijiona nafanya kazi vizuri.

Siku ya tatu nilimwona tena, na mara hii alikuwa wa tatu. Mtoto hakuwa analia tena, na nilijua maana yake. Nikasema moyoni, leo asipotoka atapata sindano. Ndipo nikamwona mzee mmoja ameketi kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, mbali na geti. Nilimfahamu, alikuwa na kidonda kikubwa mguuni na kila siku nilimfunga bandeji. Nilikuwa nimelelewa kwamba mzee haachwi kwenye baridi vijana wakiwa barazani. Nikatoka mwenyewe kumfuata.

"Shikamoo baba. Karibu ndani, usikae huko kama mgeni."

"Marahaba mwanangu. Niache hapa. Nitangoja."

"Hapana baba, haiwezekani."

Alitikisa kichwa, akasema tena atangoja. Nilidhani ni haya ya kizee. Nikamshika mkono, nikamvusha barabara, nikampitisha kando ya mstari wote hadi mlangoni, nikijisikia mtoto mwema kuliko wote wa Iringa. Nilipogeuka kumwita mama wa mtoto aingie baada yake, hayupo. Shuka lake lilikuwa linapotelea migombani.

Hakurudi siku ile. Wala kesho yake. Mzee naye hakuja.

Siku ya tano, mama mtu mzima aliyekuwa mfagiaji wetu alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Yule mtoto wamemzika jana," alisema.

Nilimwuliza kwa nini mama yake alikuwa anakimbia. Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga.

"Yule mzee ni baba mkwe wake, dokta. Kwetu hapa mke wa mtoto hawezi kuonana na baba mkwe. Ni mwiko. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Mstari mzima ulijua."

"Na wewe ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Mlisema mfagiaji asiingilie kazi ya dawa. Na kilugha mmekataza."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na mpaka leo sijui niigawe vipi. Daktari Mzungu wa wilaya hakuwapo pale asubuhi zile tatu. Alikuja mara moja kwa mwezi na gari lake, akasaini daftari, akaenda zake. Tuliokuwapo ni sisi, bwana mganga na mimi, watu weusi wawili tuliokuwa tunasubiri tukabidhiwe nchi.

Nilichukua debe bovu la mafuta ya taa, nikalikata vipande, nikaandika namba kwa rangi. Kila anayefika apewe kibati chake, akae anapotaka, kwenye migomba au ng'ambo ya barabara, aitwe zamu yake ikifika. Bwana mganga alivikuta mezani.

"Takataka gani hizi?"

Nikamweleza habari ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavizoa na kuvitupa shimoni.

"Serikali haina mkwe," alisema. "Wakitaka dawa watajifunza kupanga mstari."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kabla mwezi haujaisha nikapewa barua ya uhamisho kurudi Iringa, imeandikwa kwamba nina utovu wa nidhamu. Nidhamu hiyohiyo wanayoniomba niisifu!

Kabla ya kuondoka nilibeba bandeji na dawa nikaenda nyumbani kwa mzee. Kidonda kilikuwa kimeoza, amekifunika kwa majani. Alinipa kigoda, nikapiga magoti badala ya kukaa, nikaanza kukisafisha. Hakuguna wala hakuvuta mguu.

"Siku ya kwanza na ya pili nilikuja kupanga mstari, sikumwona mke wa mwanangu," alisema. "Siku ya tatu nilimwona kwa mbali, amekaribia mlango. Nikakaa kwenye jiwe ili aingie. Wewe ukaja kunishika mkono."

"Nilitaka kukuheshimu, baba."

"Najua. Ungeniuliza kwa nini nimekaa kule."

Nilikuwa namalizia kufunga bandeji niliposikia mtu akija nyuma ya nyumba. Alikuwa yule mama, na mtungi wa maji kichwani, mgongoni hana kitu. Alituona wote wawili. Akajifunika shuka usoni, akageuka, akaingia migombani.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijajua kama alikuwa anamkimbia mkwe wake au alikuwa ananikimbia mimi.