Mlango wa Chemba Haufunguliwi Katikati

Asubuhi, fundi anavaa glavu, anashusha kofia mpaka kwenye nyusi, halafu anainua kipande cha silikoni kwa kibanio. Ni chembamba kuliko kucha. Pumzi anaizuia.

"Hiki ukikipigia chafya tu, kwaheri," anasema. Anacheka kidogo, macho hayacheki.

Mwenzake, mwanamume mtaratibu ambaye maabara nzima inamwita Mpole, anadakia: "Mimi kanipiga marufuku kula vitunguu."

"Mwongo huyo. Nilisema usivipumulie vipande vyangu."

Hapa wanajaribu kuzifanya seli za sola zitoe umeme mwingi zaidi kwa mwanga uleule. Vipande vinaingia kwenye chemba, sanduku la chuma lisilopitisha hewa, hewa inanyonywa yote, kisha unga wa oksidi ya metali unapashwa moto mpaka unapaa na kutanda juu ya silikoni. Ni utando ambao jicho haliuoni, lakini umeme unapitia hapo kutoka bila kupotea njiani. Juu yake inapakwa fedha.

"Utando ukiguswa na hewa kabla haujafunikwa, umeharibika," anasema fundi. "Kwa hiyo mlango haufunguliwi katikati. Na kazi ni ya wawili. Mmoja anaongeza moto, mwingine anasoma unene wa utando. Mmoja akitoka, basi tena."

Msimu wa mvua uliopita alikuwa kwenye zamu ya kuongeza moto wakati mlinzi, anayewatunzia simu zao, alipogonga kioo. Mama yake fundi alikuwa amelazwa, na mdogo wake aliyekuwa akimuuguza alikuwa amepiga simu: mama amezidiwa. Unga ulikuwa wa mwisho. Wiki hiyo wageni walikuwa wanakuja kuamua kama maabara iendelee au ifungwe.

"Nilimwonyesha mlinzi kidole, ngoja. Nikajiambia, mama ananijua, atanisubiri."

Hakumsubiri. Alipofika wodini, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

"Mdogo wangu akaniambia, 'Dada, mama alikuwa anauliza, yule wangu wa jua hajafika? Nikamwambia yuko njiani. Umenifanya nimdanganye mama, na ndilo neno la mwisho alilosikia.' Tangu hapo hajanisemesha."

Seli zile zilitoka nzuri kuliko zote. Wenzake walipiga makofi. Yeye alienda kwenye sinki kuosha kibakuli cha unga, akaosha, akaosha, mpaka Mpole akaja kumfungia bomba.

Mwezi uliopita mlinzi aligonga kioo tena. Safari hii ni mtoto wa Mpole, ameanguka shuleni.

"Mimi nilisema, dada, tumalizie tu, tumekaribia," anakumbuka Mpole. "Alizima moto, akafungulia hewa. Nikasikia fyuuu. Kazi yote imekwenda! Akaniambia, 'Unangoja nini? Nenda kwa mwanao.'"

Mtoto alikuwa amevunjika mkono. Mkuu wa maabara alifoka mpaka jioni, na fundi akawa anafuta chemba kama vile hasemwi yeye.

Kila Jumapili anaenda kwa mdogo wake. Anabisha hodi, haitikiwi, anakaa barazani kwenye saruji, halafu anarudi zake.

"Jumapili iliyopita nimekuta kigoda," anasema, akivua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mlango umefungwa vilevile, lakini kigoda kipo. Ni kile alichokuwa anakalia mama."

Anaulizwa kama aliuliza nani amekiweka.

"Sikuuliza. Nilikaa. Na Jumapili hii nitawahi, ili nikae zaidi."