Kigoda cha Katikati kwa Mganga wa Igoma

Niliwahi kuamini uvumi kwamba mizimu ya Kisukuma humpigia saluti mtu mwenye cheti. Basi siku nilipomsindikiza shangazi yangu, anayeumwa goti, kwa mganga wa jadi kule Igoma, nilivaa tai ya mahafali ya shule ya jioni, nikaenda moja kwa moja kuketi kwenye kigoda cha katikati. Nilijua ni cha wasomi. Ngoma zikalia, mganga akaniosha miguu kwa dawa, akanipaka unga wa mtama usoni. Nikatanua kifua kama waziri. Dawa ilipoisha chunguni, shangazi akamwambia mganga kutoka mkekani, "Baba, goti ni langu."

Mganga akanigeukia. "Mgeni hukaa mkekani, mwanangu. Kigoda ni cha mgonjwa."