Msomaji Wangu wa Maguu

Jamani, hii ni aibu yangu, na ninaisimulia kwa sababu nimechoka kuicheka peke yangu.

Nilipostaafu ualimu, mke wangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki na watoto wote wako Dar, nilikaa kijijini kwetu Maguu nikaandika kitabu kuhusu ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani, mpwa wangu akakiweka kwenye maktaba ya mtandaoni. Kwa kuwa macho yangu yamechoka, akaitegesha simu inisomee kila kitu kwa sauti, vitabu na hata ujumbe unapoingia tu. Basi kila jioni nikitoka kwenye shamba la kahawa nafungua kitabu changu, namsikiliza yule mama wa kwenye simu akinisomea maneno yangu mwenyewe huku nasonga ugali (nyumba ikiwa kimya sana, utasikiliza chochote).

Siku moja shule ya sekondari kule Mbamba Bay, ziwani, wakanialika niongee na wanafunzi. Mkutubi wao, Dada Oliva, akauliza mbele ya watu, "Mwalimu, kitabu chako kinasomwa?" Ningesema sijui, yangeishia hapo. Mimi huyo nikajibu, "Wasomaji wapo tele! Kila siku kinafunguliwa!"

"Tuwaone basi," akasema, kwa nia njema kabisa, akafungua ukurasa wangu kwenye projekta. Kumbe maktaba ile ina ramani ya wasomaji! Nchi nzima tupu, nukta moja tu nyekundu, Maguu.

Wanafunzi wakaguna. Nikajikaza: "Huyo ni mzee mmoja, rafiki yangu." (Uongo wa pili huo, wa kwanza haujapoa.)

Mkuu wa shule akafurahi. "Basi tumsalimie!"

Dada Oliva akamwandikia msomaji wa Maguu palepale kwenye ukurasa, akatuma. Mfukoni mwa koti langu yule mama akapaza sauti: "Shikamoo mzee wetu. Tupo hapa na rafiki yako."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikaitoa simu niizime, nikabonyeza pasipotakiwa, mama akaendelea bila haya: "Sura ya kwanza." Mkuu wa shule alikuwa anajifuta machozi kwa tai.

Dada Oliva hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Baadaye tukila mbasa akaniuliza polepole, "Mwalimu, nyumbani unaishi na nani?"

"Na kuku."

Akanisogezea kipande kinono cha samaki, nikala huku nimeinama ili asinione uso.

Nimeapa, wenzangu: sitajitungia tena rafiki mbele za watu. Kusema "niko peke yangu" kunauma, lakini afadhali useme mwenyewe kuliko kusemewa na simu.