Mabega ya Chachu

Wiki ile ya harusi Chachu hakushikika. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye duka la mikate, kwa kuwa akiingia mahali watu huumuka tu, hata walioamka vibaya. Na sasa alikuwa anaolewa na dereva anayewaletea unga! Aliimba mpaka wateja wakasahau mikate yao kaunta.

Tuseme mapema, msije mkashtuka: Chachu ni kloni. Mama yake, fundi cherehani, alifiwa na binti yake wa kwanza, mchumba wa watu. Madaktari wakachukua chembe ya mwili wa marehemu wakatungisha mimba, mama akaibeba mwenyewe na kuzaa kwa uchungu kama wazazi wote. Sura ileile, mwanya uleule. Watu wa mtaani, ambao midomo yao haina pazia, wakamwita Nakala.

Mama hakulivumilia neno hilo. Ila naye alikuwa na lake. Tangu Chachu yuko mdogo, nguo zake zote zilikatwa kwa pateni za karatasi za marehemu, zilizotundikwa nyuma ya mlango. Mama huyu alipima mtaa mzima, hata mbwa wa jirani alipimwa koti la mvua, lakini hakuwahi kumzungushia Chachu tepu. "Vipimo vyako ninavyo," humwambia. Blauzi zikibana, Chachu hufumua mshono na kunyamaza. Ilimuuma, tusifichane. Alitaka mama amwone yeye, walau kwenye harusi yake.

Siku ya kujaribu gauni alikuja shangazi wa bwana harusi, na hakuja kunywa chai. Alikaa, akakohoa, akauliza kama aliyetolewa kwenye mwili wa mwingine ni mtu kamili, maana hakutaka mtoto wa kaka yake aoe kivuli cha marehemu.

Mama akawaka. "Huyu nimembeba tumboni, dada yangu. Anaumwa, anacheka, anakosea, anamwomba Mungu. Mtu ni utu. Unataka nini tena, risiti?"

Moyo wa Chachu ulimdunda kwa furaha. Kisha mama huyohuyo akatoa gauni, jeupe, zuri la kufa mtu, lililokatwa kwa pateni ya harusi ambayo marehemu hakuifikia. Chachu akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akavuta pumzi. Mgongo ukaachia praa, bega hadi bega.

Shangazi akainuka, akakipapasa kitambaa kilichochanika, akamgeukia mama.

"Marehemu alikuwa na mabega haya?"

"Hapana," mama akasema polepole. "Alikuwa karani. Mwembamba."

"Basi mimi nimeshajibiwa," shangazi akasema. "Umebaki wewe."

Mtu mwingine angelia. Chachu alicheka, akacheka mpaka akashika meza, maana lile alilolinyamazia miaka yote gauni lilikuwa limelisema mbele ya mgeni. Mama akamzunguka, akamtazama mgongoni kama mteja aliyeingia dukani leo.

"Mabega haya umeyatoa wapi?"

"Kwa kukanda unga, mama. Kila alfajiri."

"Na mimi nimeshona miaka yote hii bila kuyaona."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alikwenda nyuma ya mlango, akazitungua pateni zote, akazikunja vizuri na kuziweka kabatini, maana nazo zilikuwa za mtoto wake. Akavua tepu shingoni, akamwomba shangazi amshikie ncha moja.

"Simama wima, mwanangu, nikupime."

Chachu akasimama, lakini kutulia hakuweza. Mama alilazimika kurudia kipimo cha mabega mara tatu, kwa sababu bibi harusi alikuwa anarukaruka.