Daktari Hakukosea, Ni Mikono Yangu

Aliyemgonga mbwa wa mwanangu si mimi, lakini aliyemuua ni mimi. Siandiki jina kwa sababu hapa Mabatini wananijua wengi. Kazi yangu ni kukanda wazazi: mwanamke akishajifungua, mimi ndiye ninayeitwa na maji yangu ya moto. Miaka yote watu wameisifu mikono hii. Sifa zikanilevya!

Mbwa aliitwa Komando. Mwanangu alipofiwa na mkewe hakutaka kuongea na mtu. Jioni alikuwa anazunguka na huyo mbwa tu. Siku moja bodaboda ikamgonga Komando, nyonga ikavunjika palepale mfupa wa paja unapoingia. Daktari wa mifugo, binti mdogo tu, akampasua na kuuunga ule mfupa kwa bamba la chuma na skrubu. Akatuambia akae kibandani wiki sita, na mguu ule mtu asiuvute wala kuukanda.

Nikacheka moyoni. Mtoto wa juzi anifundishe mimi mambo ya kukanda!

Siku ya kumi na mbili mwanangu alikwenda kazini Misungwi. Nikamtazama Komando amelala, mguu umekakamaa, nikasema hawa wanamlemaza. Nikachemsha maji. Nilipomkanda alitulia, maskini, ananiamini. Kisha nikaushika mguu nikaunyoosha, kama ninavyowafanyia watu. Kitu kikaachia ndani, nikakisikia kiganjani.

Alilia jamani! Nikamfuta maji haraka, nikamrudisha kibandani.

Mwanangu aliporudi akakuta mbwa hataki hata kuinuka. Nikamwambia, "Mwache apumzike, atakuwa amechoka." Siku mbili nzima nilimzuia asimpeleke kwa daktari. Tulipompeleka, kidonda kilikuwa kinatoa usaha, na picha ikaonyesha skrubu zimeng'oka, mfupa umepasuka upya.

Daktari akanigeukia. "Mama, kuna mtu aliuvuta huu mguu?"

"Hakuna, mwanangu. Nani auvute?"

Akaiinamia ile picha kwa muda mrefu. "Basi labda skrubu sikuzikaza vizuri. Naombeni mnisamehe."

Mwanangu akamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na mimi nimesimama pembeni, kimya! Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa. Komando alichomwa sindano ya mwisho akiwa amelaza kichwa mapajani kwa mwanangu.

Baada ya hapo mwanangu alimtangaza yule binti kila kona ya Nyamagana. Nasikia siku hizi hapasui tena mifupa, anachanja tu. Mwezi uliopita tulikutana sokoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Kaka bado ana hasira na mimi?"

"Marahaba. Yatapita tu, mwanangu," nikamjibu, nikaondoka mbio hata nyanya sikununua. Nilijichukia!

Ndugu zangu, mkiambiwa msiguse, msiguse, hata kama mikono yenu inasifiwa mtaa mzima. Na mkishakosea, semeni siku hiyohiyo, daktari akiwa bado anauliza. Aibu ya kusema ingekuwa ya siku moja. Mimi nilinyamaza, na sasa sijui naanzia wapi, maana mwanangu mpaka leo ananishukuru. Anasema yule daktari alimharibia mbwa wake, na ni mama yake peke yake aliyemtunza. Ananiambia asante mama, nami naipokea.