Tochi ya chuma na jino langu la mwisho

Jamani, leo nimenunua tochi ngumu kuliko mimi mwenyewe.

Dukani hapa Bariadi niliijaribu bila huruma. Nikaiangusha sakafuni. Nikaizamisha kwenye ndoo ya maji. Nikamwomba dereva wa bodaboda aipitie na tairi.

Inawaka tu!

Mwenye duka jasho linamtoka. "Babu, unanunua au unanikomoa?"

Nikanunua. Macho yangu siku hizi hayaoni nati ndani ya injini, na mashine ya kusaga ya Mama Limi imekufa, watu wanarudi nyumbani na mahindi yao.

Nikaifungua ile mashine. Mikono yote ina spana, kwa hiyo tochi nikaiuma mdomoni, kama tufanyavyo mafundi wote.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dukani sikujaribu kuiuma.

Nzito kama nyundo! Ikang'oka na jino langu la mbele, lile la mwisho, vyote vikatumbukia kwenye injini.

Mama Limi akachungulia, akaniita babu kwa Kisukuma. "Guku, tochi bado inawaka."

"Na jino?"

"Nalo naliona vizuri sana."

Tulicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akauliza, "Sasa kesho utaishikia nini?"

Tochi zile za kuvaa kichwani ni za plastiki, vumbi la unga linaziua mara moja. Macho yamekwisha, meno yamekwisha, na kazi nyingine sijui.

Haya, chekeni. Tochi iko hapa inawaka, fundi amekaa chini.