Chupa Zilizochorwa Ubaoni

Leo saluni moja ya hapa mtaani Buyenzi wamefungua rangi ya nywele, na harufu yake imenichoma puani mpaka machozi yakanitoka. Msusi amesema ni amonia.

Shuleni kwetu amonia tuliijua kwa chaki tu. Labo haikuwa na kitu, kwa hiyo mwalimu wa kemia alituchorea chupa ubaoni. Siku moja rafiki yangu, binti wa fundi magari niliyebanana naye benchi moja, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, amonia inanuka namna gani?"

Mwalimu alijipangusa chaki vidoleni. "Mi pia sijainusa, mwanangu. Hata sisi walituchorea tu."

Kwenye mtihani wa taifa waliuliza hilo hilo: eleza harufu ya amonia. Mimi nilibahatisha, nikaandika kwamba inachoma. Yeye aliacha nafasi wazi.

"Juu ya nini haukuandika?" nilimuuliza tulipotoka.

"Nitaandika aje kitu sijui?"

Majibu yalipobandikwa, jina langu lilikuwemo. Yeye alikosa kwa pointi moja, na baba yake akasema hana uwezo wa kumrudisha darasani.

Jioni hiyo alikuja kwetu na sketi yake ya shule, imefuliwa na kupigwa pasi, bado ina joto.

"Chukua," aliniambia. "Yako imechakaa, na mi sina kazi nayo tena."

Niliivaa mwaka mzima uliofuata. Kila asubuhi nilizunguka njia ya mbali, ili nisipite mbele ya gereji alikokuwa akiosha vipuri na baba yake.